Daktari, umesaga dawa au umesaga jino langu?

Wiki hii karibu maswali yote yametoka kwa watu walioziba meno.

Niliziba jino la mbele hapa Arusha mjini. Daktari alisaga muda mrefu sana, na sasa nikipitisha kucha nahisi kijifereji pembeni. Amelipunguza jino langu? (Msomaji, Sakina)

Inawezekana, kidogo. Dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino huwekwa ikizidi, ikagandishwa kwa taa ya bluu, kisha ile ziada ndiyo inayosagwa. Tatizo ni kwamba imechaguliwa ifanane na jino lako, na ikilowa maji ya mashine huoni tena dawa inaishia wapi na jino linaanzia wapi. Mimi nakausha kwa upepo, natazama, nasaga kidogo, nakausha tena. Inachosha, hasa foleni ikiwa imefika mlangoni, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Vyombo navyo vinatofautiana. Kichwa cha mashine chenye almasi hakichagui, kinakula vyote viwili. Cha kabaidi (chuma kigumu sana) chenye makali mengi madogo kina huruma zaidi kwa enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, kwa hiyo mpakani ndicho ninachopenda kutumia, halafu vidiski vya msasa laini, halafu mpira wa kung'arishia.

Kinachopotea huwa ni sehemu ndogo ya milimita. Kwenye vilele vya magego, ambako enameli ina unene wa milimita 2 hivi, hutakaa ujue. Karibu na ufizi ni nyembamba sana, na pale mkono wa haraka unaacha jino linalosisimka kwa maji baridi. Enameli haioti tena. Seli zilizoitengeneza zilishakufa jino lilipochomoza.

Ila usiiamini sana kucha yako. Rudi, mwambie apitishe ncha ya chuma mpakani. Ikikwama ikitoka jinoni kuingia kwenye dawa, dawa imezidi, itasawazishwa. Ikikwama ikitoka kwenye dawa kwenda jinoni, dawa iko chini, na inaweza kuongezwa.

Nimeziba gego juzi, nikitafuna tu linauma. Nivumilie? (Moshi)

Usivumilie. Mara nyingi dawa imezidi kimo, kwa sababu ulipoambiwa ung'ate ile karatasi ya rangi bado ulikuwa na ganzi na uling'ata upande. Rudi, ni kazi ya dakika chache. Daktari akitaka kupunguza jino la juu lisilo na dawa badala ya lile alilolijaza, muulize kwanza sababu.

Nimekulia Maji ya Chai, meno yangu yana rangi ya kahawia. Nikienda kuziba, siwezi kusuguliwa na hayo madoa yakaisha?

Swali hili nalipata kila mwezi, na nalipenda kwa sababu ni letu. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaumbwa ndani ya taya, enameli inatoka na vitundu chini ya ngozi yake ya juu. Ngozi hiyo ndiyo ngumu. Ukiisugua kwa pupa unafika kwenye sehemu laini, na doa huenda bado lipo. Pia enameli ya namna hii inameguka ukingoni wakati wa kusaga dawa, kwa hiyo mwambie daktari mapema umekulia wapi. Madoa mepesi yanaweza kupunguzwa kwa kusugua kwa kipimo. Yaliyozama ni afadhali kuyafunika.

Kama una watoto wadogo, tafuta maji yenye floraidi ndogo, na magadi kwenye makande yapunguze, maana nayo yana floraidi.

Dawa yangu ya miaka kadhaa imekuwa na mstari mweusi pembeni. Ing'olewe?

Si lazima. Huenda ni rangi ya chai tu, inaondoka kwa kung'arishwa. Kila dawa inapong'olewa shimo linapanuka, kwa hiyo ikaguliwe kwanza kama kuna kutoboka.

Mkaa uliosagwa unang'arisha dawa?

Unaikwaruza, pamoja na jino. Mswaki laini na dawa ya meno ya kawaida vinatosha. Ukinywa juisi ya ukwaju, subiri kama nusu saa ndipo upige mswaki.