Maswali ya Wasomaji: Seti ipi ya sarafu inastahili kushindaniwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tunakusanya sarafu, na mwaka huu tumekubaliana kuingia katika mashindano ya seti yanayoendeshwa na kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu. Shemeji amenunua sarafu mpya za fedha zenye picha za wanyama, zote zikiwa na daraja la juu kabisa, yaani 70. Mimi nina sarafu za Tanzania za kuanzia 1966, ambazo nyingi nimezipata kwa wazee wa mtaani kwetu. Shemeji anasema yangu si seti bali ni chenji iliyopitwa na wakati. Je, seti inayostahili ni ipi?
Mkusanyaji wa Upanga, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu mkusanyaji, kuna seti inayopata pointi nyingi na kuna seti inayostahili kukusanywa. Wakati mwingine huwa ni seti moja, lakini ubishi wenu umetokana na kuzichanganya, kwa hiyo nianze na pointi.

Kampuni mbili zinazojulikana zaidi, PCGS iliyoanzishwa 1986 na NGC iliyoanzishwa 1987, hupima kila sarafu kwa kipimo cha Sheldon, chenye madaraja ya kuanzia 1 hadi 70, kisha huifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Mwenye sarafu huandikisha namba hiyo katika sajili ya kampuni, chini ya seti ambayo orodha yake imekwisha kupangwa. Katika sajili ya PCGS, inayopokea sarafu zilizopimwa na PCGS pekee, kila sarafu hupewa uzito kulingana na uadimu wake. Daraja huzidishwa kwa uzito huo, jumla yake hugawanywa kwa uzito wote, na matokeo hushuka kadiri seti inavyopungukiwa na sarafu. Chukua mfano wa seti ya sarafu 10, ambamo 9 ni za kawaida zenye uzito wa 1 kila moja, na moja ni adimu yenye uzito wa 10. Ukizipandisha daraja moja zile 9 zote, wastani unaongezeka kwa 9/19. Ukiipandisha daraja moja ile adimu peke yake, unaongezeka kwa 10/19. Ndiyo maana washindani wenye fedha huikimbilia kwanza sarafu moja ngumu, na ndiyo maana anayenunua zile rahisi kwa wingi hushangaa kuona jina lake halisogei.

Sasa tuitazame seti ya shemeji yako. Daraja la 70 hupewa sarafu isiyo na dosari hata ikikuzwa mara 5, na sarafu za siku hizi zinazofuliwa mahususi kwa wakusanyaji hushughulikiwa kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba daraja la 69 au 70 si jambo la nadra. Washiriki wengi wanapokuwa na 70 kila mahali, kinachoshindaniwa si jicho wala maarifa, ni nani aliyewahi kulipa. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Sarafu hizo ni nzuri, na mfululizo wenye toleo moja kila mwaka una mpaka unaoeleweka. Hata hivyo, kwa maoni yangu seti ambayo mtu anaweza kuikamilisha jioni moja kwa kadi ya benki haijampa nafasi ya kujifunza chochote, na hilo ni pungufu kubwa kuliko pointi zozote.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: je, mwenye seti anaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini sarafu hii imo na ile haimo, na je, sababu hiyo inatokana na historia ya fedha yenyewe au inatokana tu na vile alivyo navyo kwenye droo? Seti yako inaweza kukipita kipimo hiki, ila haijakipita bado. Sarafu za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania, za 1966, zilikuwa nne: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi 1 yenye mwenge, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande wa pili. Shilingi 5 ilikuja 1971, na senti 10 yenye pundamilia ikaja 1977. Ukisema kwamba unakusanya kila aina ya sarafu ya matumizi yenye sura ya Mwalimu akiwa Rais, umeweka mpaka wa kweli. Ukisema kwamba unakusanya sarafu za zamani za Tanzania, hujaweka mpaka wowote, na hapo shemeji yako ana haki ya kuuliza.

Iwapo unataka seti ndogo yenye uzito mkubwa wa historia, ningekushauri utazame senti 10 yenye tundu ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1936 Zanzibar pia. Aina zake kwa majina ya watawala ni 6 tu. Ya kwanza ni ya George V, iliyoanza 1921. Inafuata ya Edward VIII ya 1936, kisha ya George VI akiwa bado anaitwa Mfalme wa Wahindi, halafu ya George VI huyohuyo baada ya cheo hicho kuondolewa kufuatia uhuru wa India, na baada yake ya Elizabeth II. Ya mwisho ni ya 1964, isiyo na jina la mtawala yeyote, kwa kuwa kufikia wakati huo nchi zetu zilikuwa zimekwisha kupata uhuru. Mtu akizipanga kwa mfuatano anaona ufalme ukibadilika na hatimaye kuondoka, kwenye kipande cha shaba nyeusi ambacho bibi zetu walikifunga kwenye pindo la khanga.

Ile ya Edward VIII inastahili maelezo zaidi. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936, kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa kwa matumizi nchini Uingereza. Sarafu zetu zenye tundu hazikuwa na nafasi ya sura, zilibeba jina tu, na kwa sababu hiyo senti 5 na senti 10 zenye jina lake zilifuliwa na kufika mikononi mwa watu. Zipo zenye alama ya H, ya kiwanda cha Heaton, na zenye KN, ya King's Norton, viwanda vyote viwili vya Birmingham. Si sarafu adimu, wala bei yake haimtishi mtu wa kawaida, lakini mkusanyaji anayezijua alama hizo hupekua kopo zima la senti akiwa na shabaha.

Suala la seti pungufu huzua ugomvi mwingi, na naona ni la haki kulisema waziwazi. Mwaka 1916, pwani ikiwa imefungwa na manowari za Waingereza, Wajerumani walifua sarafu za dharura Tabora katika karakana ya reli: heller 5 (heller ilikuwa fedha ndogo ya koloni la Wajerumani, chini ya rupia), heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo, ambazo zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000. Dhahabu hiyo wengi wetu hatutaimudu. Mkusanyaji akiandika kwamba seti yake ni ya Tabora bila dhahabu, ameweka mpaka wa madini, na seti yake ni kamili ndani ya mpaka huo. Akiandika kwamba ni seti ya Tabora kisha akaacha nafasi moja wazi, hiyo ni seti ambayo haijakamilika, na asiudhike akiambiwa hivyo. Akijaribiwa kuinunua kwa mtu asiyemfahamu, aipime kwanza: rupia 15 halali ina gramu 7.168.

Kuhusu gharama, sarafu hupelekwa ng'ambo kupimwa, na ada ya upimaji pamoja na usafirishaji na bima huzidi mara nyingi thamani ya senti 20 ya 1966. Peleka zile chache zilizo bora kabisa, au acha sajili na utengeneze onyesho. Katika mashindano ya maonyesho ya American Numismatic Association, chama cha Marekani cha wakusanyaji na wachunguzi wa sarafu kilichoanzishwa 1891, waamuzi hutazama pia maelezo yanayoambatana na sarafu, pamoja na ukamilifu, hali na uadimu wake. Seti yako ya Mwalimu ingejitetea vizuri zaidi katika mashindano ya namna hiyo.

SWALI: Je, nizisugue sarafu zangu kwa limau na majivu kabla ya kuzipeleka kupimwa?
Msomaji wa Mbagala

JIBU: Usizisugue kabisa, ndugu yangu. Asidi na mikwaruzo huondoa uso wa asili wa metali, na wapimaji huitambua sarafu iliyosafishwa, wakaifunga bila kuipa namba ya daraja. Kwa hapa Dar es Salaam adui mkubwa ni unyevu na hewa ya chumvi: tumia vifuko visivyo na PVC, kwa maana plastiki hiyo laini huacha utando wa kijani, weka pakiti za kunyonya unyevu ndani ya sanduku, na ishike sarafu kwenye ukingo.

SWALI: Ndugu Mhariri, kuna kijana anauza sarafu za shaba anazosema zimechimbwa Kilwa. Je, zinaweza kuunda seti ya mashindano?
Mstaafu wa Tegeta

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Nakusihi usizinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na uchimbaji wake unahitaji leseni. Zaidi ya sheria, sarafu za Kilwa hazina mwaka. Zina jina la sultani na maneno ya kumtukuza Mungu, na mahali zilipolala ardhini ndipo wataalamu wanapopata umri wake. Zikishang'olewa, elimu hiyo imepotea hata kama shaba imebaki. Mwelekeze kijana huyo kwenye Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Ukitamani sarafu ya pwani ya kabla ya Wajerumani ambayo unaweza kuimiliki kihalali, tafuta pesa ya shaba ya Sultani Barghash bin Said yenye picha ya mizani: ilitolewa kwa miaka miwili, 1299 na 1304 Hijria, kwa hiyo seti ya tarehe zake ni sarafu mbili, na zote ni za baada ya mwaka huo uliowekwa na sheria.