Pleya inasema 412, YouTube inasema 97, nani muongo?

SUALI: Assalaam alaykum. Mie nipo Chake, n'na saiti yangu ya kaswida na maulidi ya huku kwetu, video zenyewe zipo YouTube ila kwenye saiti nimezitia kwa plagini ya pleya (kiprogramu cha kuongezea kwenye saiti, ndo kinachochezesha video) maana inapendeza, ina kitufe chake kikubwa cha kijani. Sasa wiki ilopita plagini inanambia video moja imechezwa mara 412, nikivuta ripoti ya YouTube kwa API (mlango wa programu kuchukulia data), nimechuja za kwenye saiti yangu tu, naona 97. Na kuna mwenye duka anataka kutangaza kwangu anauliza namba. Nimpe ipi?

JAWABU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Hiyo 412 usimpe, atakuja kukudai.

Hicho kitufe cha kijani unachokisifia ndo mwenye kesi. YouTube kwenye maelezo yao ya mafundi wameandika kabisa kuwa viu, yaani video kutazamwa mara moja, inahisabiwa pale tu mtu akibonyeza kitufe cha pleya yao wenyewe, sasa plagini yako inafunika kitufe chao kwa chake, mtu anabonyeza kijani, plagini ndo inaiamrisha YouTube icheze, video inakwenda vizuri tu lakini kwenye hisabu haimo. Kwa hiyo hata hiyo 97 umejidhulumu.

Na 412 nayo imevimba. Pleya ya YouTube kila ikibadilika hali inatoa namba, 1 inacheza, 2 imesimamishwa, 3 inavuta data, na plagini ya kivivu inahisabu kila 1 inayopita. Mtu yupo Micheweni mtandao wa kubahatisha, inacheza, duara linazunguka, inacheza, duara tena, inacheza... yakhe mtu mmoja keshakuwa watatu! (Mie kwenye boti ya Unguja sijui ningekuwa wangapi.)

Tena ukilinganisha siku kwa siku ndo utachanganyikiwa zaidi, ripoti ya YouTube inakata siku kwa saa za California, kwetu huku inakuwa saa nne au saa tano asubuhi kutegemea msimu, wanaosikiliza Ijumaa alfajiri wanaandikwa Alkhamisi.

Ingia kwenye setingi uzime kitufe cha plagini ubaki na kile chekundu cha YouTube, halafu fundi wako ahisabu ile 1 ya mwanzo tu kila ukurasa ukifunguliwa. Kaa wiki mbili, ndo umpelekee mwenye duka namba ya YouTube. Hazitolingana sawasawa, usihangaike. Na kama plagini haina setingi hiyo itoe, tia pleya ya YouTube vile vile ilivyo.