Megabiti, megabaiti na diski za zamani: hesabu ya kufanya kabla ya kumtajia mteja muda

Kazi inayonijia zaidi siku hizi ni kutoa data kwenye kompyuta zilizokwisha zeeka: studio ya picha iliyofungwa, ofisi ya uhasibu, shule yenye matokeo ya wanafunzi wa miaka ya 2000. Kila mteja huuliza, "Fundi, nirudi saa ngapi?" Ushauri wangu kwa fundi mwenzangu ni huu: usijibu kwa kukisia. Geuza kila namba iliyoandikwa kwenye vifaa vyako iwe megabaiti kwa sekunde, halafu angalia ipi ndogo kuliko zote, maana hiyo ndiyo inayoamua muda.

Ugumu unakuja kwa sababu namba hizo hazikuandikwa kwa kipimo kimoja. Chukua diski ya IDE, ile ya zamani yenye waya mpana bapa, iliyoandikwa Ultra DMA 100 (jina la kasi yake). Ile 100 tayari ni megabaiti kwa sekunde, hakuna cha kugawa. IDE hupeleka biti 16 kwa pamoja, yaani baiti 2 kila mpigo. Kwenye Ultra DMA 33 mpigo mmoja huchukua nanosekunde 60. Gawa baiti 2 kwa nanosekunde 60 utapata megabaiti 33 na ushee kwa sekunde. SCSI, njia ya kuunganisha diski kwenye seva za zamani, ni vivyo hivyo: Ultra160 na Ultra320 zinahesabiwa kwa megabaiti, ila kasi hiyo ni ya njia nzima, na diski zote zilizofungwa humo zinagawana.

Ukihamia SATA, njia iliyokuja baada ya IDE, mambo yanabadilika. Kizazi cha kwanza ni gigabiti 1.5 kwa sekunde, cha pili 3, cha tatu 6. Hapa watu wengi hugawa kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, na jibu linatoka kubwa kuliko ukweli. SATA hutuma biti 10 kwa kila biti 8 za data, ili upande wa pili uweze kufuata mapigo bila kupotea. Kwa hiyo gawa kwa 10: 150, 300 na 600. USB 3.0 ya gigabiti 5 nayo iko hivyo, unapata 500. USB 2.0 ni megabiti 480, na hii inagawiwa kwa 8, unapata 60. Lakini mazungumzo ya vifaa vyenyewe humega sehemu kubwa, na mimi kwenye makadirio huandika 30.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Diski ya IDE ya gigabaiti 80 imejaa, tunaisoma kwa adapta ya USB 2.0. Megabaiti 80,000 gawa kwa 30 ni sekunde 2,667, kama dakika 45. Anayeisoma 480 kama megabaiti atamwambia mteja dakika 3. Na kama data inatoka kwenye laptopu kwenda seva kupitia swichi ya mtandao ya megabiti 100, kumbuka 100 gawa kwa 8 ni 12.5, na inayopita kweli ni kama 11. Kazi ile ile sasa ni saa 2, hata ukinunua adapta ya bei ghali.

Kabla ya kuilaumu adapta, tazama waya kama umeifunga diski moja kwa moja kwenye kompyuta ya zamani. Waya wa IDE uko wa aina mbili, wa nyuzi 40 na wa nyuzi 80, na plagi zote zina matundu ya pini 40, kwa hiyo zinaingia popote. Upitishe kidole: ule wa nyuzi 80 una mistari myembamba iliyobanana, na mara nyingi plagi zake ni bluu, nyeusi na kijivu. Ukiweka ule wa nyuzi 40, kompyuta hushuka hadi megabaiti 33 kwa sekunde bila kukuambia chochote.

Sidi zina kipimo chao. 1x, yaani kasi ya msingi, ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde, hivyo 52x ni karibu megabaiti 8, na hiyo hupatikana ukingoni mwa sahani tu. 1x ya DVD ni megabaiti 1.385.

Suala la kama gigabaiti ni megabaiti 1,000 au 1,024 lisikusumbue sana kwenye makadirio. Windows itaionyesha diski ya gigabaiti 80 kama 74.5, kwa sababu inahesabu kwa 1,024. Hakuna kilichopotea. Ila usichanganye hesabu mbili katika mstari mmoja.

Namba zote hizi ni dari. Sahani ya diski ya zamani yenyewe huenda isifikie hata nusu ya 100 iliyoandikwa, na kasi hushuka kadiri inavyosoma kuelekea katikati. Faili ndogondogo nyingi, kama barua pepe, huvuta muda zaidi ya video moja kubwa yenye ukubwa ule ule. Na ukiona kasi imeanguka hadi kilobaiti chache huku diski inagonga, acha kunakili faili. Chukua nakala ya diski nzima kwa programu ya ddrescue, ambayo huanza na sehemu zinazosomeka vizuri na kurudia mbovu baadaye. Kazi ya namna hiyo haikadiriwi kwa kugawa, na mteja aambiwe hivyo kabla hajaondoka dukani.