Profesa hakuuona udongo, mjomba aliuona

SWALI: Mwalimu, jambo sana. Mjomba wangu wa Kikondja, kando ya ziwa Kisale, alikuwa analima muhogo, jembe likagonga misalaba midogo ya shaba na vigae vya chungu. Nilimpelekea profesa mmoja hapa Lubumbashi msalaba mmoja. Akaugeuzageuza, akasema hauna faida kwa sayansi kwa sababu umetolewa na mtu asiyejua kuchimba. Nikamwambia mjomba anasema ni mali ya wakubwa wetu Waluba, akacheka. Nani ana haki ya kusema kitu hiki ni nini? (Msomaji, Katuba)

JIBU: Ndugu yangu, kucheka hakukuwa na lazima. Ila kuhusu kuchimba, profesa ana hoja, na nitakuonyesha kwa misalaba hiyo hiyo.

Sanga, kwenye ziwa lenu, mtafiti wa mambo ya kale Jacques Nenquin alichimba makaburi mwaka 1957, Jean Hiernaux akafuata 1958, na Pierre de Maret akarudi miaka ya 1970. Kwenye makaburi ya baada ya karne ya 13, misalaba mikubwa iliwekwa kifuani mwa marehemu. Baadaye ikawa midogo, ya vipimo vinavyokaribiana, na mingi pamoja, karibu na mikono au nyonga. Kutokana na hayo de Maret alisema shaba ilikuwa inageuka fedha. Sasa angalia: shaba peke yake haikumwambia hivyo. Kilichomwambia ni mahali ilipolala, na wingi wake. Ukiung'oa msalaba na kuutia mfukoni, habari hiyo inapotea.

Lakini je, imepotea kweli? Mjomba yupo hai! Yeye ndiye aliyeona. Kulikuwa na mifupa? Misalaba ilikuwa imeshikana, au imetawanyika? Chungu kilikuwa upande gani, kizima au kimevunjika kabla ya jembe? Profesa angeuliza hayo, angepata nusu ya alichokitaka bila kutoka ofisini. Hakuuliza. Mimi namhesabia hilo kuwa kosa la kazi, si la adabu tu.

Tena wachimbaji wenyewe walihitaji watu wa kwenu. Kamilamba, katika bonde la Upemba ambamo ziwa Kisale limo, kaburi moja la kati ya karne ya 8 na ya 10 lilikutwa na fuawe ya chuma (kile mhunzi anachofulia juu yake) kando ya kichwa, pamoja na shoka la fahari. Mtu asiyejua mila angesema: huyu alikuwa mhunzi, basi. Lakini kwa Waluba kutawazwa kwa mfalme kunakumbusha kazi ya mhunzi, na pini za nywele zenye umbo la fuawe zimevaliwa hadi nyakati zetu. De Maret aliunganisha hayo, akasoma kaburi lile kama la mtu mwenye mamlaka. Umri ulipatikana kwa vipimo vya kaboni, hakuna mzee ambaye angeweza kuutaja. Maana ilitoka kwa Waluba.

Kwa hiyo kauli ya mjomba, kwamba ni mali ya wakubwa wenu, si ya kuchekwa, wala si ya kumezwa nzima. Yeye mwenyewe umuulize: nani alimwambia, na huyo aliambiwa na nani? Ukoo wao ulikaa hapo siku zote, au ulihamia? Wavuvi wa Kisale wanahama sana, na makaburi hayahami nao. (Hata profesa naye angeulizwa hivyo hivyo, amelijulia wapi analosema.)

Fanya hivi. Mpigie simu, andika majibu yake kwa maneno yake, katika Kiluba kama alivyosema. Mwambie asiendelee kuchimba pale, na asiwauzie wale wanaopita vijijini kununua vitu vya kale. Kisha peleka msalaba pamoja na karatasi yako kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini, udai risiti yenye jina la mjomba kama aliyeukuta. Wakikataa kuandika jina lake, rudi nao nyumbani, uniandikie tena.