Funga hilo desa, shika kalamu: kwa anayefanya UE ya Hesabu za Maamuzi Jumatatu

Weka hilo desa chini. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mdogo wangu, umesema UE (mtihani wa chuo) ya Hesabu za Maamuzi, hesabu za kutafuta njia fupi na mpango bora, ni Jumatatu asubuhi na leo ni Alhamisi. Umenunua desa la maswali kumi na mawili yaliyokwisha kufanywa, umelipitia mara tatu, na "naelewa kila kitu". Ukauliza uanze na mada ipi, ufanyeje usisinzie usiku, na kama uende kwenye diskasheni ya Jumamosi. Hilo "naelewa kila kitu" ndilo lililonifanya nisukume sahani pembeni nikae kuandika. Nililisema hivyohivyo miaka mitatu iliyopita, hapahapa Dar, nikiwa na desa kama lako mkononi.

Nilikuwa nimepanga geto Sinza. Kwenye grupu letu la WhatsApp kulikuwa na jamaa wa mwaka wa mbele yetu aliyekuwa anasambaza kurasa zake: "Ukikariri hizi umetoka." Shilingi elfu tano. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, kiasi kwamba 3 na 8 huwezi kuzitofautisha mpaka usogee dirishani. Nililisoma kwenye daladala, nikalisoma kwenye foleni ya chipsi, umeme ulipokatika nikalisoma kitandani kwa tochi ya simu. Kufikia usiku wa tatu ungenitajia swali la tano ningekupa jibu kabla hujafika nusu. Siku zote tatu sikushika kalamu. Rimu ya karatasi niliyoinunua kwa ajili ya mazoezi ilikuwa mezani, haijachanwa.

Nikaingia chumba cha mtihani nikiwa mwepesi kabisa. Swali la kwanza ni mtandao wa nodi saba, yaani vituo saba vilivyounganishwa kwa njia, utafute njia fupi kutoka A hadi G. Nikafurahi: hili ni lile la nne, wamebadilisha namba tu. Swali lilisema wazi kwamba tutumie algoriti ya Dijkstra, ule utaratibu wa kutafuta njia fupi hatua kwa hatua, na tuonyeshe hatua zote. Mimi nikaangalia kwa macho, nikajumlisha njia nne pembeni ya karatasi, nikaandika iliyo fupi kuliko zote na urefu wake. Dakika sita. Nikasonga mbele.

Na jibu lilikuwa sahihi! Matokeo yalipotoka nilimfuata mwalimu, akanifungulia karatasi yangu: maksi 3 kati ya 15. Akaniambia kwa upole, "Sikukuuliza njia ni ipi. Nilikuuliza umeijuaje."

Ngoja nikuonyeshe alichokuwa anakitafuta, kwa njia za mjini kwetu. Namba ni za mazoezi, zihesabu kama dakika. Ubungo–Mwenge 10. Ubungo–Magomeni 30. Mwenge–Morocco 8. Morocco–Magomeni 7. Morocco–Posta 22. Magomeni–Posta 14. Unatoka Ubungo, unataka Posta.

Jicho la mtu wa Dar linanyoosha Barabara ya Morogoro: 30 na 14, dakika 44. Jicho jepesi zaidi linazunguka Mwenge, Morocco, kisha Posta: 40. Jibu ni 39, na ukiiandika hiyo 39 peke yake umepata kile nilichopata mimi.

Iandike hivi. Ubungo inafungwa ya kwanza, thamani 0; kufunga ni kusema thamani yake haibadiliki tena. Mwenge inapata lebo ya muda 10, yaani namba inayoweza kupungua baadaye, Magomeni 30. Ndogo ni 10, kwa hiyo Mwenge inafungwa ya pili. Kutoka Mwenge, Morocco inapata 18, na kwa kuwa 18 ni ndogo kuliko 30, Morocco inafungwa ya tatu. Sasa tazama: kutoka Morocco unafika Magomeni kwa 25, wakati ilikuwa na 30, na Posta inapata 40. Hapa ndipo watu wanashika raba. Usifute! Ipige 30 mstari mmoja iendelee kusomeka, andika 25 pembeni yake. Magomeni inafungwa ya nne. Kutoka hapo Posta inashuka kutoka 40 hadi 39, nayo 40 inapigwa mstari mmoja, Posta inafungwa ya tano. Kisha unarudi nyuma kuitafuta njia yenyewe: 39 toa 14 ni 25, hiyo ni Magomeni, 25 toa 7 ni 18, Morocco, 18 toa 8 ni 10, Mwenge, 10 toa 10 ni 0, umefika Ubungo.

Zile 30 na 40 zilizopigwa mstari ndizo maksi zako. Ndizo zinazomwonyesha msahihishaji kwamba ulifuata algoriti, hukukisia. Anasoma mpangilio wa kufunga nodi, anasoma lebo za muda zilivyopungua, halafu ndiyo anaangalia jibu. Najua wapo watakaocheka kwamba mtu mzima anapigania namba zilizokatwa kwa penseli. Chekeni, wakuu, ila chekeni kalamu ikiwa mkononi.

Kuna mtu alinijibu humu zamani kwamba Dijkstra mwenyewe hakutumia karatasi. Ni kweli. Alisimulia kwamba aliitunga mwaka 1956 akiwa mgahawani Amsterdam, kwa dakika kama 20 hivi, bila kalamu, akaichapisha 1959. Sawa, lakini yeye siku ile hakuwa na msahihishaji. Wewe Jumatatu unaye.

Swali la simpleksi, ile ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa majedwali, ndilo lililonimaliza, na linaniuma zaidi kwa sababu lile la mtandao angalau nililijua. Kwenye desa, pivoti (namba unayoichagua kugeuzia jedwali) ya jedwali la kwanza ilizungushiwa duara kwenye mstari wa tatu. Mimi nilikariri mahali duara lilipokaa. Sikujua limekaa pale kwa nini. Kwenye mtihani namba zimebadilika, nami nikaenda mstari wa tatu moja kwa moja, wakati uwiano mdogo ulikuwa mstari wa pili. Kanuni ni nyepesi kabisa: unagawa thamani za kulia kwa namba chanya tu za safu ya pivoti, unachukua uwiano mdogo kuliko wote. Ukichukua mkubwa, jedwali linalofuata litakutolea namba hasi kwenye safu ya thamani, na hapo linakuambia urudi. Kwangu ilitokea −6. Nikaitazama, nikaendelea nayo majedwali mawili zaidi, kwa sababu desa halikuwa na ukurasa unaosema ukiona hasi hapa, simama. Mtu aliyefanya jedwali moja tu kwa mkono wake nyumbani, akakosea, akalitafuta kosa nusu saa nzima, hawezi kupita kwenye ile −6 bila kushtuka.

Huyo jamaa aliyetuuzia sijamsamehe vizuri. Majibu yake mengi yalikuwa sahihi, hilo nitasema. Lakini alijua fika kwamba maswali hayarudi na namba zilezile, maana mtihani huo alishaufanya. Alijua pia kwamba mtu mwenye hofu siku tatu kabla ya UE hanunui maswali, ananunua usingizi. Akatuuzia usingizi kwa elfu tano kila kichwa, na grupu lilikuwa na watu zaidi ya arobaini. Halafu kwenye swali la njia hakiki, ile ya kupanga kazi za mradi, alikosea kabisa: kurudi nyuma alichukua namba kubwa badala ya ndogo. Ukienda mbele kutafuta muda wa mapema, kwenye makutano unachukua kubwa, kwa sababu kazi haianzi mpaka zote zinazoitangulia ziishe. Ukirudi nyuma kutafuta muda wa mwisho unaoruhusiwa, unachukua ndogo. Watu kadhaa wa darasa letu walikosea palepale, kwa namna ileile. Nilipomwambia akanijibu, "Si mngehakikisha wenyewe." Alisema hivyo, pesa yetu ikiwa mfukoni mwake!

Nikapata sapu, mtihani wa kurudia. Nilikuwa nimeshakubaliwa mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo kule Kurasini, mahali ambapo hesabu hizihizi wanazitumia kupanga magari kila siku. Tarehe za sapu zikaangukia katikati ya wiki za mafunzo, nafasi akapewa mwingine. Nikabaki geto nalipa kodi ya miezi miwili ambayo sikuipangia, wenzangu wamekwenda. Mama akipiga simu kuuliza kazini vipi, nilikuwa namwambia naendelea vizuri. Mpaka leo hilo ndilo linalonichoma kuliko maksi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na naomba uishike: jibu lisifunguliwe kabla karatasi yako haijajaa.

Chukua swali, funika jibu kwa daftari, simu mpe mtu mwingine, weka saa mbele yako. Karatasi yenu ni ya maksi 60 kwa saa 3, maana yake dakika 3 kwa kila maksi, na swali la 15 ni dakika 45. Andika mpaka mwisho hata kama unaona umepotea. Ndipo ufunue, ulinganishe mstari kwa mstari. Pale mlipoachana usisahihishe kwa kalamu nyekundu ukaridhika. Chukua karatasi nyingine tupu, badilisha namba mbili kwenye swali, fanya tena tangu mwanzo. Kuelewa unaposoma kazi ya mtu ni kama kujua njia ukiwa abiria. Siku unayopewa usukani ndiyo unagundua hukuwahi kuangalia kona.

Mada uanze na simpleksi, leo hii, kwa sababu jedwali linahitaji mkono uzoee na mkono hauzoei kwa usiku mmoja. Kesho mitandao. Nyingine zinakwenda haraka ukishajua wanachotaka kuona. Kwenye Kruskal, algoriti ya kuunganisha nodi zote kwa urefu mdogo, andika na zile njia ulizozikataa kwa sababu zinafunga mzunguko, usiandike zilizopita tu. Kwenye Prim, algoriti nyingine ya kazi hiyohiyo, mpangilio wa kuongeza uonekane. Swali la mpita-barua anayepita kila barabara na kurudi alipoanzia: hesabu nodi zenye idadi witiri ya njia. Zikiwa nne, kuna jozi za aina tatu, nawe andika zote tatu na jumla zake, hata kama ya kwanza unaiona kabisa ndiyo ndogo. Ukiandika moja tu, umerudi kulekule kwa "umeijuaje".

Diskasheni ya Jumamosi nenda ikiwa kila mmoja atakaa na karatasi yake. Ikiwa ni mmoja ubaoni na kumi wanatikisa vichwa, hilo ni desa jingine, limesimama tu. Baki chumbani na rimu yako.

Sasa acha kusoma. Chora ule mtandao wa Ubungo hadi Posta bila kurudi juu kuangalia, badilisha Morocco–Posta iwe 19 badala ya 22, na ufanye lebo zote upya. Piga picha karatasi yako uiweke hapa chini, na zile ulizokata zionekane. Nipo macho mpaka saa sita usiku, nitaisahihisha.