Gongoni: tazama maji kabla ya kutazama ndege

Wewe uliyeuliza hapa miezi, mimea, lenzi na malazi, unayetaka kwenda Gongoni, pwani ya Kilifi, Kenya, Jumamosi, eti maji yakipwa uteremke topeni uwafuate heroe (flamingo) nyuma ya mabwawa ya chumvi: usithubutu!

Najua uliyapata wapi hayo. Kuna mwongoza wageni mmoja aliniambia vivyo hivyo, maji yakitoka ndege wote ni wako. Uongo mtupu. Maji yakitoka ndege hutawanyika tope zima wakitafuta riziki, ukisogea nao wanasogea. Na siku ile ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida! Mwezi mpevu, hata mtoto wa Ngomeni, kijiji cha jirani, angejua. Yeye kabaki kivulini, pesa yangu mfukoni.

Bamvua halikujii usoni ukaliona. Maji hupenya kwenye vijito vya mikoko, yakakuzunguka kwa nyuma. Nilipogeuka, kijito nilichokivuka kwa nyayo kilikuwa kiunoni, na tope limenimeza hadi gotini. Kiatu kimoja kiko huko mpaka leo. Kamera, tena ya shemeji, nikaitwika kichwani kama mtungi, mpaka nilipojikwaa kwenye mizizi ya mchu, aina ya mkoko. Fundi aliifungua, akaona chumvi, akaifunga bila neno. Kadi ilipona: ina picha moja, ya goti langu. Imetulia sana, msinicheke.

Sasa sikiliza. Nenda maji yanapojaa, si yanapotoka. Tope likishafunikwa, sululu na vitwitwi, ndege wanaokula topeni, hawana pa kusimama, wanakuja wenyewe mabwawani kupumzika. Fika kama masaa mawili kabla maji hayajajaa kabisa, omba ruhusa langoni (ni mali ya watu, na malori hayakungoji), kisha simama juu ya tuta. Tuta, si tope! Anzia mabwawa ya mwanzo, yanayopokea maji ya bahari. Kule mwisho chumvi inakoganda utaona weupe tu na jua la kukupofua. Na usitegemee saa uliyoambiwa juzi, maji huchelewa kama dakika 50 kila siku.

Miezi? Septemba hadi Aprili, ndege wa kaskazini wakiwa huku. Mimea, lamba jani la mchu uonje chumvi inayoitoa. Ya lenzi na malazi sijui ulisemaje, nimeshapandwa na hasira.

Jumamosi ya tarehe ngapi? Iandike hapa nikutazamie jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, na usimlipe mtu yeyote kabla sijakujibu.