Re: Wanaume wa Wales kuvaa magauni na kuvunja mageti, ilikuwaje?
Mkuu, hao uliouliza mbona walivaa magauni ndo waliojiita Rebeka na binti zake. Ishu ilikuwa tozo za barabara, mkulima anaenda na mkokoteni kuchukua chokaa ya kutibu udongo wenye tindikali, analipa geti hili, mbele kidogo lingine, mpaka tozo inazidi bei ya chokaa yenyewe. Mei 1839 wakabomoa geti la Efailwen usiku, nyuso nyeusi kwa masizi, jina wamelitoa Mwanzo 24:60, uzao wa Rebeka kurithi mlango wa wanaowachukia. Magauni yalikuwa ya kujificha, ila mi naona na kejeli ilikuwemo. 1843 wakavamia hadi "workhouse" ya mji wa Carmarthen, yaani jengo la kuhifadhi na kufanyisha kazi maskini. Wengine walipelekwa uhamishoni Australia, lakini 1844 bunge likapunguza tozo ya chokaa kwa nusu.